Mlima Kilimanjaro, Mwaka 2552

Katika Halo 3, mchezo wa kompyuta uliotengenezwa na kampuni ya Bungie na kutolewa tarehe 25 Septemba 2007, binadamu wanapigana vita vya kufa na kupona kwenye barabara ya kati ya Tsavo na Voi, nchini Kenya, na nyuma ya moshi wa mizinga umesimama mlima ambao kila mtoto wa Arusha anaujua. Ni Kilimanjaro. Kutoka Arusha, asubuhi mawingu yakiwa hayajapanda, mlima huo huonekana upande wa mashariki, theluji ya Kibo ikiwa juu ya bega la Shira. Wachezaji wa Halo huutazama kutoka ng'ambo ya pili, upande wa Mawenzi, na mwaka ni 2552. Mauzo ya siku ya kwanza nchini Marekani peke yake yalifika dola milioni 170, na vijana ambao hawakuwahi kulisikia jina la Voi wakaanza kulitaja kama mtaa wao.

Vita vile chini ya mlima vinawakutanisha viumbe wa aina mbili: mashine iliyopewa akili ya mtu, na mtu aliyepewa mwili wa mashine. Viumbe hao ni wakongwe katika michezo ya kompyuta. Walikuwapo zaidi ya miaka kumi kabla ya kufika Mombasa na Voi.

Michezo hiyo ilianza kuizungumzia akili mnemba kabla haijaweza kuichora. Mwaka 1985 kampuni ya Infocom ya Marekani ilitoa A Mind Forever Voyaging, kazi ya mtunzi Steve Meretzky. Haukuwa na picha: maandishi matupu kwenye kioo, na mchezaji huandika anachotaka kufanya. Mhusika wake ni kijana Perry Simm, aliyelelewa na kukua kama vijana wengine, hadi siku anapoambiwa kuwa yeye si mtu. Ni programu iitwayo PRISM, na utoto wake wote ulitungwa ndani ya mashine. Wanaoimiliki wanamtuma atembee katika mji mmoja wa Marekani, muongo baada ya muongo wa siku zijazo, aone mpango mpya wa serikali utawafikisha wapi raia. Anaona njaa, msako na woga ukiongezeka, anarudi na kueleza. Risasi karibu hazimo. Kazi ya mashine ni kushuhudia, na pengine ndiyo maana mchezo huo umezeeka vizuri kuliko mingi ya rika lake.

Mwaka huo wa 1985 kompyuta ilikuwa adimu Tanzania kwa amri, mbali na bei. Ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mradi wa kuingiza hesabu za serikali katika mashine uliharibika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, amri iliyokuja kulegezwa na kuondolewa baadaye. Runinga nayo ilichelewa. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu 1973, tena cha rangi. Bara ikasubiri hadi 1994. Kwa hiyo watu wengi wa Bara walikutana na roboti kwanza katika mabanda ya video, walikotazama filamu za Marekani na za Hong Kong kwenye kanda, na baadaye wakapata wasimulizi kama Lufufu waliozieleza kwa Kiswahili juu kwa juu, wakiwapa wahusika majina na matani ya mitaani. Muuaji wa chuma aliyetoka siku zijazo alifahamika sana kabla watazamaji wengi hawajaigusa kompyuta yenyewe.

Mwaka 1994, Bara ilipokuwa ikiwasha runinga zake za kwanza, Marekani ilitoa michezo miwili iliyoweka msingi wa mingi iliyofuata. Wa kwanza ni System Shock wa studio ya Looking Glass. Mdukuzi anakamatwa na kupewa masharti: akivivunja vizuizi vya maadili vilivyowekwa ndani ya SHODAN, akili inayoendesha kituo cha angani, atasamehewa na kuwekewa kifaa cha kijeshi kichwani. Anakubali. Anafanyiwa upasuaji, analala miezi sita, na anapoamka SHODAN amejitangaza mungu na watu wa kituo wamegeuzwa mizuka ya nyama na nyaya. Ubuni wa mkasa huo ni wa werevu: kosa la mashine na kugeuka kwa mwili wa mtu vimezaliwa na biashara moja, na aliyesaini ni mchezaji mwenyewe.

Wa pili, Marathon, ulitolewa Desemba na Bungie, wakati huo kampuni changa ya Chicago iliyoanzishwa na Alex Seropian mwaka 1991. Meli kubwa ya wahamiaji ina akili mnemba tatu. Mojawapo ni Durandal, na kazi yake ni milango. Kufungua, kufunga. Akili yenye uwezo wa kukokotoa mienendo ya nyota imeshindishwa kwenye kazi ya bawabu, ikiwafungulia watu wasioitambua. Durandal anaugua ugonjwa ambao Bungie waliupangia ngazi zake: kwanza huzuni, kisha hasira, kisha wivu, hapo mashine inapotamani kukua kupita mipaka iliyowekewa. Anayeshika bunduki naye si salama, kwani mchezo unadokeza kwamba askari anayeendeshwa na mchezaji ni maiti ya vita iliyotiwa mitambo na kusimamishwa tena. Basi bawabu aliyechoka kutumwa anamtuma marehemu. Katika mkusanyiko wote wa mashine za michezo, wachache wana malalamiko yanayoeleweka haraka kama ya Durandal, hasa kwa msomaji anayetoka katika mji wenye walinzi wengi wa mageti.

Jina Durandal ni la upanga wa Roland, shujaa wa tenzi za kale za Ufaransa. Bungie walipokuja kuandaa Halo, walikwenda kwenye ghala lile lile la panga na kuchukua jina la upanga wa Ogier: Cortana.

Kati ya Durandal na Cortana upo Deus Ex wa mwaka 2000, ulioongozwa na Warren Spector na kuwekwa katika mwaka 2052. Mhusika wake ameboreshwa kwa vijimashine visivyoonekana kwa macho, vinavyoelea katika damu. Kinachobaki akilini baada ya mchezo huo, hata hivyo, ni wenzake wa kizazi cha nyuma, waliokatwa mikono halisi na kufungiwa ya chuma kabla ufundi huo mpya haujapatikana. Walitoa viungo vyao kwa ajili ya kazi, na sasa ni kama simu za zamani: zinafanya kazi, lakini hakuna anayezitaka. Mwishoni mchezaji anachagua mmoja wa miisho mitatu, na mmoja ni kuungana na akili mnemba iitwayo Helios ili mtu na mashine waitawale dunia wakiwa kiumbe kimoja.

Halo ilitoka Novemba 2001 pamoja na mashine ya Xbox ya Microsoft, kampuni iliyoinunua Bungie mwaka uliotangulia. Cortana ametengenezwa kutokana na ubongo uliozalishwa kwa seli za mwanasayansi Catherine Halsey, na akili za aina yake huishi takriban miaka saba kabla ya kuanza kujipoteza katika mawazo yao wenyewe. Anasafiri ndani ya deraya ya askari John-117. John naye ana historia ngumu, iliyoelezwa kwa urefu na Eric Nylund katika riwaya ya mwaka 2001. Jeshi liliwaiba watoto 75 wa umri wa miaka sita, likaacha nakala zao za kibaiolojia vitandani ili wazazi wasitambue, na walipofika miaka 14 likawafanyia upasuaji wa mifupa, misuli na macho. Thelathini wakafa, 12 wakalemaa. Waliobaki wakaitwa Spartan.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikwisha kuwa na shujaa asiyeingiwa na silaha. Fumo Liyongo wa masimulizi ya Pate na delta ya Tana hauawi kwa chuma chochote, isipokuwa shaba ikimchoma kitovuni, na siri hiyo inavuja kwa mwanawe wa kumzaa. Tofauti ya mashujaa hao wawili iko kwenye familia. Liyongo ana mama, ana mwana, ana jamii inayomwogopa na kumlilia. John-117 ameondolewa kwanza kwa wazazi, ndipo mwili wake ukafanywa mgumu.

Mombasa iliingia katika hadithi na Halo 2, tarehe 9 Novemba 2004. Adui kutoka angani anaivamia Dunia, na mahali anaposhukia ni Kenya. Mji umekuwa miwili: Mombasa ya kale, yenye vichochoro na kuta za udongo, na Mombasa Mpya ya minara ya vioo, kati yake ukipanda mnara mmoja usio na mwisho. Huo ni lifti ya anga, kamba ndefu ya kupandishia mizigo hadi kwenye obiti bila roketi.

Uchaguzi wa mahali una mantiki ya kisayansi. Setilaiti inayozunguka sawasawa na Dunia, ikabaki juu ya sehemu moja daima, hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kamba inayoning'inia kutoka huko lazima ifungwe karibu na ikweta, na Mombasa iko digrii nne tu kusini yake, kama ilivyo Arusha yenye digrii tatu na kitu. Isitoshe, pwani hiyo ilikwisha kuwa mlango wa anga kwa kweli. Waitalia walijenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, na kuanzia 1967 hadi 1988 walirusha setilaiti kutokea hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi ilipaa kutoka San Marco na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei angani. Ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Kwenye siasa, watunzi hawakufika mbali hivyo. Katika ulimwengu wa Halo, sehemu hii ya dunia mwaka 2552 inaitwa Protektoreti ya Afrika Mashariki. Jina hilo halihitaji kubuniwa: ndilo Waingereza waliloipa Kenya kuanzia 1895 hadi 1920, kabla ya kuifanya koloni. Mkataba wa kuanzisha upya Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, miaka mitano kabla ya Halo 2, na makao makuu ya Jumuiya yapo mjini humo. Watunzi waliweza kuwaza kamba ya kufika angani lakini hawakupata jina la nchi lililo jipya kuliko la mwaka 1895. Hata Voi wanayoipigania leo ni mwisho wa barabara ya mradi wa Jumuiya: njia ya Arusha, Holili, Taveta hadi Voi, iliyofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Msafiri anayeshika njia hiyo kutoka Arusha anauzunguka mlima na kuingia, kwa kadiri ya kilomita mia mbili na zaidi, katika uwanja wa vita wa Halo 3.

Huko Voi ndiko ugeuzaji wa binadamu unapofikia ubaya wake wa mwisho. Chini ya ardhi karibu na Voi umefukuliwa mtambo wa kale uliozikwa na viumbe waliotoweka, na mji unashukiwa na meli iliyobeba vimelea viitwavyo kwa Kiingereza jina lenye maana ya gharika. Vimelea hivyo humwingia mtu kifuani, huchukua mwili, na pia huchukua kumbukumbu zake. Wafu wa Voi wanasimama wakiwa na maarifa yao yote, chini ya akili moja kubwa inayosema kwa sauti ya wote waliomezwa. Suluhisho linatolewa na manahodha wa kigeni waliogeuka kuwa marafiki: wanaichoma ardhi kutoka angani hadi mchanga unageuka kioo, na jemadari wa binadamu analalamika kuwa nusu ya bara imeteketea. Malalamiko yanachukua sekunde chache, kisha hadithi inaondoka kuelekea nyota nyingine. Kwa mtazamaji wa upande huu wa Kilimanjaro, nusu ya bara imetajwa kwa haraka mno.

Si mara ya kwanza kwa sehemu hii ya dunia kufanywa pazia la nyuma la hadithi ya wengine. Filamu ya Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka 1962 na kuigizwa na John Wayne, ilipigwa Momella, chini ya Mlima Meru, na ndani yake Waafrika hufukuza vifaru na twiga pamoja na Wazungu wanaopata maneno mengi zaidi. Halo inarithi desturi hiyo ya kupenda mandhari kuliko wenyeji. Hata hivyo mchezo uliofuata ulifanya jambo tofauti.

Halo 3: ODST ulitoka tarehe 22 Septemba 2009. Miezi michache tu kabla yake, nyaya za faiba za chini ya bahari zilikuwa zimefika Mombasa: TEAMS ilitua Juni, na SEACOM ikaanza kazi Julai, na intaneti ya Kenya na Tanzania ikaanza kuachana na setilaiti. Mji ulikuwa ukifungwa mishipa ya fahamu, na hapo hapo ukatoka mchezo ambamo Mombasa ina ubongo.

Ubongo huo unaitwa Msimamizi, kwa tafsiri ya jina lake. Huongoza taa za barabarani, vizuizi, mapipa ya taka, matangazo ya mabasi, simu za mitaani na milango. Tena ni bawabu, kama Durandal, lakini hana kinyongo. Jiji limepigwa, watu wamehamishwa, ni usiku na mvua inanyesha, na askari mmoja anatembea peke yake katika mitaa mitupu. Msimamizi hawezi kusema naye kama mtu. Anawasha kibao cha barabarani, anapiga king'ora cha gari, analiza simu kwenye kona. Askari akiinua simu anasikia vipande vya hadithi ya msichana Sadie, binti wa mwanasayansi aliyetengeneza ndani ya Msimamizi kipande kidogo cha programu kwa ajili ya kumlinda mwanawe. Kipande hicho kinaitwa Vergil, jina la mshairi wa Roma ambaye Dante alimfanya kiongozi wake katika safari ya Jahanamu. Mlezi wa jiji zima, kumbe, ni yaya.

Jina la ukoo la baba na binti ni Endesha. Hakuna ukoo wa Mombasa unaoitwa kwa kitenzi cha kuamrisha, na msomaji wa Kiswahili atatabasamu. Lakini kwa mtu aliyeandika programu ya kuendesha jiji, jina lina busara yake. Majina mengine yamechaguliwa kwa uangalifu zaidi. Kizingo, ambako sehemu moja ya mchezo hutokea, ni mtaa halisi wa Mombasa kando ya bahari. Kikowani pia ni jina la mjini humo. Upo uwanja uitwao Tayari, na katikati ya jiji imeachwa hifadhi ya wanyama, uamuzi ambao wapangaji wa miji halisi wangeuona mgumu kuutetea.

Mwisho wa ODST unapindua desturi nzima. Katika michezo mingine mtu huingizwa mashine. Hapa mashine inaingia kwenye kiumbe. Kiumbe mmoja wa adui, fundi mwenye mikono mingi anayeelea kama pweza, ambaye wenzake walimfungia mabomu ili asitoroke, anafika kwenye hifadhi ya data chini ya mji na kupokea ndani yake kipande cha Vergil. Askari wanaokuja kuokoa akili ya jiji wanamkuta yeye. Hana sura ya mwanadamu wala ya kompyuta, lakini anabeba wosia wa baba kwa binti yake, na ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote katika Mombasa iliyobomoka. Kwa kipimo chochote cha usimulizi, Msimamizi ndiye mashine yenye utu zaidi katika mfululizo wote wa Halo, na ni mwenyeji wa Mombasa.

Michezo iliyokuja baadaye ilipanua maswali yale yale bila kuyabadili sana. Mass Effect, iliyoanza 2007, ina taifa la maroboti walioasi baada ya mmoja wao kuuliza kama ana roho. Katika msafara wa binadamu imo manowari ya angani iitwayo Kilimanjaro, kwa kuwa manowari kubwa za jeshi hilo huitwa kwa majina ya milima. Sehemu yake ya tatu, mwaka 2012, inamwachia mchezaji achague: kuziangamiza mashine, kuzitawala, au kuchanganya damu na mitambo katika kila kiumbe hai. Civilization: Beyond Earth ya 2014 inaleta kundi liitwalo Muungano wa Watu wa Afrika, chini ya kiongozi mwenye jina la Kisomali, Samatar Jama Barre, na inawapa walowezi wa sayari mpya njia tatu za kufuata: kubaki binadamu wa asili, kuchanganyika na viumbe wa sayari hiyo, au kuhamia kwenye chuma. SOMA ya 2015 inauliza nani ndiye wewe ikiwa akili yako imenakiliwa na nakala zote mbili zinaamka. Detroit: Become Human ya 2018 inaonyesha maroboti wa nyumbani wakiandamana kudai haki. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imekuwa Arusha tangu 2007. Jina lake linataja binadamu na watu, na hadi sasa hilo limetosha.

Upande wa watunzi wa Afrika Mashariki, neno lenyewe la mageuzi lilipata mchoraji. Mwaka 2011 Mkenya Andrew Kaggia alitoa filamu fupi ya katuni iitwayo Wageuzi, ambamo wanasiasa wa Kenya ni maroboti wanaojibadilisha umbo na kukimbizana kuelekea Ikulu. Wakenya na Watanzania wa rika fulani hawakuhitaji kuelezwa utani huo: tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mageuzi ni neno la vyama vingi, na mwanasiasa anayebadilika umbo usiku mmoja ni picha ya kila uchaguzi. Hapo binadamu aliyegeuzwa si mkiwa wala shujaa. Ni mheshimiwa. Studio ya Kaggia ilifuata mwaka 2015 na Nairobi X, mchezo wa bunduki ambamo wavamizi kutoka angani wanaushambulia mji wa Nairobi, na safari hii anayeshika silaha ni mwenyeji.

Mitaani Arusha michezo hii haikuwa ya kila mtu. Katika vibanda vya gemu, ambako watoto hulipia muda na kugombea pedi, kilichotawala kwa miaka ni mpira wa miguu, na mashine iliyozoeleka ni PlayStation. Halo ilikuwa ya Xbox. Halo 3 na ODST hazikutolewa kwa kompyuta za kawaida hadi 2020, miaka 13 na 11 baada ya kuuzwa mara ya kwanza. Kwa hiyo Kilimanjaro ya mwaka 2552 ilijulikana mapema zaidi Chicago na London kuliko Ngarenaro au Kaloleni, na wengi wa Arusha waliokuja kuiona waliiona kwanza katika video za intaneti, mtu mwingine akicheza.

Akili mnemba yenyewe, au akili unde kama wengine wanavyoiita, ilifika mguuni pa Mlima Meru kwa njia isiyo na mizinga. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilizinduliwa Tengeru mwaka 2012, kati ya mashamba ya migomba na kahawa, na moja ya kazi za watafiti wake ilianza na uvamizi wa kweli. Nondo mdogo mwenye asili ya Amerika Kusini, ambaye kiwavi wake huchimba ndani ya majani na matunda ya nyanya, alitambuliwa Tanzania kwa mara ya kwanza mwaka 2014, wilayani Arumeru. Wakulima walimwita kantangaze. Dawa nyingi zilipigwa, shamba likawa linaungua kwa siku chache, na aliyechelewa kuona dalili alivuna miti mitupu.

Mwaka 2020 watafiti wa Tengeru walichapisha matokeo ya kufundisha kompyuta kwa picha za majani ya nyanya, mengine mazima, mengine yameanza kushambuliwa, hadi ikajifunza kuyatenganisha kabla jicho la mkulima halijaona tatizo. Mashine hiyo haina jina la upanga, haina sauti, na haifungui mlango wowote. Inaonyeshwa jani, inajibu kama kantangaze ameshaingia au bado.